Kwa nini mzazi aijue Katiba: Somo la kesi ya umri wa ndoa

Katika nyumba nyingi nchini, Katiba hukumbukwa msimu wa uchaguzi au pale wanasiasa wanapozozana kwenye televisheni. Mzazi mwenye ada ya kulipa, sare za kununua na chakula cha kesho cha kuwaza huona hayo ni mambo ya wakubwa wa Dodoma.

Hata hivyo, lipo swali ambalo kila mwenye binti amewahi kujiuliza, na jibu lake limo ndani ya Katiba: mtoto huyu ataolewa lini, na nani mwenye kauli ya mwisho?

Kwa miaka 45 sheria ya nchi ililijibu swali hilo kwa namna ambayo wazazi wengi hawakuijua. Aliyelipeleka mahakamani hakuwa mbunge wala waziri. Alikuwa mwanasheria kijana, na alichokwenda nacho ni ibara chache za Katiba zilizoandikwa kwa ajili ya kila raia.

Baba anaamua, mama haulizwi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliweka umri wa chini wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18. Kwa msichana iliweka miaka 15. Hayo yamo katika kifungu cha 13, ambacho pia kiliipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya mtoto wa miaka 14 ikiona kuna mazingira maalumu.

Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana ambaye hajafika miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake kabla ya kuolewa. Baba akiwa amefariki dunia, ridhaa itatolewa na mama. Wazazi wote wakiwa wamefariki, itatolewa na mlezi.

Mama anayekisoma kifungu hicho kwa makini ataona jambo. Maadamu baba yupo hai, ridhaa ya mama haikutajwa. Aliyembeba mtoto miezi tisa na kumlea angeweza kumwona akiozeshwa akiwa na miaka 15, na sheria isimuulize neno.

Ni kweli sheria hiyohiyo inataka ndoa iwe ya hiari kwa wote wawili. Lakini yeyote aliyekulia katika ukoo anajua hiari ya binti wa miaka 15 ikoje pale baba, wajomba na mashangazi wameshakaa kikao, posa imepokelewa na ng'ombe wamehesabiwa. Akinyamaza, huhesabiwa amekubali. Akikataa, huambiwa hana adabu.

Sheria nyingine za nchi zilikuwa zikimtazama binti huyohuyo kwa jicho tofauti. Haruhusiwi kupiga kura mpaka atimize miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya umri huo ni mtoto.

Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho ya mwaka 1998, inamhesabu mwanaume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa mbakaji hata kama msichana amekubali. Ikaacha upenyo mmoja: isipokuwa kama ni mke wake mwenye miaka 15 au zaidi. Mtoto ni yuleyule na kitendo ni kilekile, ila ndoa ikageuza kosa la jinai kuwa haki ya mume.

Hayakuwa mambo ya kwenye makaratasi tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa takriban wanawake watatu kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Swali lililofika kwa majaji

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa taasisi ya Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Aliiomba mahakama itamke kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977.

Miongoni mwa ibara alizosimamia ni ya 12, inayosema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Nyingine ni ya 13, inayotaka watu wote wawe sawa mbele ya sheria na kuzuia sheria yoyote kuweka masharti ya kibaguzi. Ya tatu ni ya 18, inayohusu uhuru wa mtu kuwa na maoni na kuyaeleza.

Kwa lugha ya nyumbani, swali lilikuwa hili: kama mvulana wa miaka 15 ni mdogo mno kuoa, kwa nini dada yake wa umri huohuo aonekane tayari kuolewa?

Julai 8, 2016, jopo la majaji watatu lilikubaliana na mlalamikaji. Vifungu hivyo viwili vilitamkwa kuwa vinakiuka Katiba, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kuirekebisha sheria ili umri uwe miaka 18 kwa mvulana na msichana.

Mahakama kutoa muda namna hiyo si jambo la ajabu. Ibara ya 64 ya Katiba inasema sheria inayopingana na Katiba ni batili. Ibara ya 30 nayo inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro iliyoonekana. Katika kipindi hicho sheria huhesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au muda uliowekwa uishe.

Hoja za kwenye kikao cha ukoo

Serikali ilikata rufaa. Hoja zilizotolewa si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha ukoo. Msichana hupevuka mapema kuliko mvulana. Ndoa humsitiri binti aliyepata ujauzito. Zipo mila na imani za dini ambazo watunga sheria wa mwaka 1971 walitaka kuziheshimu.

Wapo wazazi wengi wanaozishikilia hoja hizo kwa nia njema. Baba asiye na uwezo, ambaye binti yake amemaliza darasa la saba na hakuendelea, anaweza kuogopa mimba ya nyumbani kuliko anavyoogopa mahakama. Kwake ndoa ni stara, na mahari ni nafuu ya maisha. Kumwita mkatili hakumwondolei hofu yake.

Oktoba 23, 2019, Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini, iliitupilia mbali rufaa hiyo. Pamoja na Katiba, iliangalia mikataba ya Afrika ambayo Tanzania imeiridhia, ukiwamo Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto na Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake. Yote miwili inataka umri wa ndoa usiwe chini ya miaka 18.

Hapa ndipo inapoonekana kazi ya haki za kikatiba. Binti wa miaka 15 hana kura, hana fedha na hana mbunge anayehofia kumuudhi. Kama suala lake lingeamuliwa kwa kunyoosha mikono kijijini, huenda angeshindwa kabla hajafungua mdomo. Mambo mengi ya nchi huamuliwa kwa wingi wa kura, na ndivyo inavyotakiwa. Haki za msingi zimewekwa pembeni ya hesabu hiyo ili aliye peke yake naye awe na pa kushika.

Na zamu ya kuwa peke yake haichagui. Leo ni binti wa jirani, kesho ni kijana aliyekamatwa kwa kosa asilolijua, au mjane anayetolewa katika nyumba aliyojenga na marehemu mumewe.

Shamba la Kagera

Kesi ya Gyumi haikuwa ya kwanza kuiingiza Katiba ndani ya familia. Haki za msingi ziliandikwa katika Katiba ya Tanzania kwa marekebisho ya mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 wananchi wakaweza kuzidai mahakamani.

Haukupita mwaka kabla ya jambo moja kutokea Muleba, mkoani Kagera. Mama mmoja wa Kihaya alikuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Uzee ulipomfika na akakosa wa kumtunza, aliliuza. Mpwa wake akaenda mahakamani kupinga, kwa hoja kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo.

Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa mila hiyo inabagua kwa jinsi na inapingana na haki zilizokwisha kuwekwa katika Katiba. Mauzo yakabaki halali.

Kuna kipengele cha hukumu hiyo ambacho hakisemwi sana. Jaji hakuifuta mila yote. Kwa desturi ile, mwanaume akiuza ardhi ya ukoo, wanaukoo wanaweza kuikomboa kwa kurudisha fedha za mnunuzi. Alichofanya jaji ni kumweka mwanamke mahali pale alipo mwanaume: naye anaweza kuuza, na ukoo nao una nafasi ya kukomboa kwa kulipa. Mila ilibaki, ikaondolewa ubaguzi.

Mzazi anayehofia kuwa Katiba imekuja kubomoa desturi za nyumbani anaweza kuitafakari kesi hiyo. Desturi nyingi zinaishi na Katiba bila shida. Zinazogongana nayo ni zile zinazomtaka mmoja apoteze ili wengine wapate.

Hukumu haitembei yenyewe

Pamoja na ushindi wote huo, ipo sehemu ya habari hii isiyofurahisha. Mwaka mmoja uliotolewa mwaka 2016 ulipita. Miaka kadhaa baada ya Mahakama ya Rufani kumaliza kazi yake, maneno ya kifungu cha 13 yalikuwa bado hayajabadilishwa, na Serikali ikawa inaendelea kukusanya maoni ya wadau.

Kwa mwanasheria, hukumu ya mahakama ya juu kabisa inatosha. Kwa mtendaji wa kijiji aliyeletewa shauri na mwenye nakala ya zamani mkononi, au kwa mshenga anayejua sheria kwa kusikia, miaka 15 inaweza kuonekana bado ni ruhusa.

Hatua nyingine zilichukuliwa. Mwaka huohuo wa 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu, na anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa ujauzito, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela. Kinga hiyo inamfikia aliye shuleni. Aliyemaliza darasa la saba akabaki nyumbani, ambaye ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuozeshwa, hayumo katika kifungu hicho.

Mlango wa mahakama nao ulibanwa. Gyumi alikwenda kwa niaba ya wasichana wa nchi nzima. Mwaka 2020 sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi ilirekebishwa, na anayefungua shauri la aina hiyo akatakiwa kueleza kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Waliounga mkono walisema itapunguza mashauri yasiyo na msingi. Waliopinga waliuliza ni binti gani wa miaka 15, aliyekwisha kuozeshwa mbali na kwao, atakayepata nauli, wakili na ujasiri wa kwenda kuapa mbele ya mahakama dhidi ya uamuzi wa baba yake.

Swali hilo linamrudia mzazi. Mlango wa mahakama ukiwa mwembamba, mtu wa kwanza kumtetea mtoto anabaki kuwa yule anayelala naye nyumba moja.

Haki zinapoingia sebuleni

Wapo wazazi wanaolalamika kuwa habari za haki zimewafanya watoto wawe jeuri. Kijana akizuiwa kushika simu usiku wa manane, anajibu kuwa ni haki yake.

Jibu la kijana huyo lipo ndani ya Katiba ileile. Ibara ya 30 inasema haki na uhuru wa mtu mmoja havitatumika kuvuruga haki za wengine wala maslahi ya umma. Zipo pia ibara zinazozungumzia wajibu wa kila mtu, na Sheria ya Mtoto inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa wake. Mzazi anayeijua Katiba hababaishwi na neno haki. Anaweza kukaa na mwanawe na kumwonyesha inapoanzia na inapoishia.

Upande wa pili wa mizani, Katiba inamgusa na mzazi mwenyewe. Ibara ya 13 inaweka haki ya kusikilizwa kabla ya mtu kuhukumiwa, na inakataza kumhesabu mtu ana hatia kabla haijathibitika. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya mahakama na ofisi, lakini busara yake inafaa hata nyumbani. Fedha zinapopotea juu ya kabati na wa kwanza kushukiwa akawa dada wa kazi, kumsikiliza kabla ya kumfukuza ni haki ileile katika umbo dogo. Ndivyo ilivyo kwa mshahara wake pia: ibara ya 23 inasema kila anayefanya kazi anastahili malipo ya haki.

Sheria ya Mtoto inakwenda mbali zaidi. Inasema mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asinyimwe nafasi ya kuyatoa na kusikilizwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Mtoto aliyezoea kuulizwa nyumbani kuhusu shule, chakula au safari ya likizo atakuwa na sauti siku mtu mzima atakapomtaka jambo baya. Aliyefundishwa kunyamaza tu, atanyamaza na siku hiyo.

Mzazi aanzie wapi

Hatua ya kwanza ni kuisoma Katiba yenyewe. Imeandikwa kwa Kiswahili na nakala yake inapatikana mtandaoni, inafunguka hata kwenye simu ya kawaida ya intaneti. Hakuna haja ya kuimaliza yote. Haki na wajibu wa raia huanzia ibara ya 12, ni kurasa chache ambazo familia inaweza kuzisoma jioni mbili au tatu na watoto wakiwapo.

Hatua ya pili ni cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizungumzia umri ambao mtu anaonekana kuwa nao. Binti mrefu mwenye umbo kubwa anaweza kuongezewa miaka kwa macho tu. Cheti kutoka RITA kinamaliza ubishi huo, iwe kwenye suala la ndoa, shule au pale mtoto anapofikishwa mbele ya vyombo vya sheria.

Hatua ya tatu ni kujua pa kwenda kabla ya shida kufika. Taarifa ya mtoto anayetaka kuozeshwa inaweza kupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Ipo pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo kuipiga ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ni namba fupi ya kumkaririsha mtoto kama anavyokaririshwa namba ya simu ya mama.

Kwa asiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopo hadi ngazi za chini, ambao hutoa ushauri bila malipo. Ofisi ya kata au ya halmashauri inaweza kumwelekeza mwananchi walipo.

Hatua ya nne ni ngumu kuliko zote, nayo ni kusema ndani ya familia. Ndoa nyingi za watoto hupangwa na watu wanaofahamiana na kupendana. Shangazi anayeuliza kwenye kikao, kwa upole, kama binti ametimiza miaka 18 na kama yeye mwenyewe ameulizwa, anaweza kuzuia jambo ambalo polisi wangelifikia limeshapita. Mama ambaye kifungu cha 17 kilimruka ana nafasi ya kusema sasa, na nyuma yake zipo hukumu mbili za mahakama.

Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka ilipotoka hukumu ya kwanza, 2016, atatimiza miaka 15 mwaka 2031. Akiletewa posa mwaka huo, watakaokaa sebuleni kuipokea au kuikataa ni baba, mama, wajomba na mashangazi zake. Kama watakuwa wanajua Katiba inasema nini juu yake, hilo linategemea kinachozungumzwa nyumbani kwao kuanzia sasa.